Utamu Ule Ulikuwa na Mwenyewe

Watu wazima tuna tabia ya kuwadhulumu wapishi wa utotoni mwetu. Tukikumbuka chapati tuliyoila kando ya barabara, na rafiki tuliyeila naye, upesi tunasema utamu ulikuwa wa umri. Tulikuwa na njaa, tulikuwa wawili, hatukujua deni wala kodi ya nyumba, basi chochote kingetufurahisha. Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na anayeishikilia zaidi ni yule yule rafiki yangu wa Kisoko. Mimi siikubali. Tulikula vingi pamoja, na vingi vilikuwa vibaya: mahindi ya kuchoma yaliyokomaa mpaka yakatutoa jasho la taya, mandazi ya juzi, sambusa zenye dengu tatu na hewa tele. Umri ulikuwa ule ule na njaa ile ile, lakini ndimi zetu hazikudanganyika. Chapati ya Kisoko ilikuwa tamu kwa sababu kuna mtu aliyejua kuipika.

Kisoko ni senta ndogo katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, nchi ya Jopadhola. Chakula cha nyumbani kilikuwa kwon, ugali wa wimbi au muhogo, kwa mboga zilizoungwa kwa karanga au simsim. Ngano haikuwa ya kwetu. Chapati ililetwa Afrika Mashariki na Wahindi, kwanza kwa majahazi hadi pwani, kisha ikapanda bara pamoja na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Reli ilipopita Tororo na hatimaye kuingia Kampala mwaka 1931, unga wa ngano ulipata njia ya kufika kwenye maduka ya vijijini. Hata hivyo, katika nyumba nyingi chapati ilibaki chakula cha Krismasi. Mama alinunua unga mara moja kwa mwaka, na watoto waligawiwa kwa hesabu.

Waliovunja kalenda hiyo ni vijana wa barabarani. Kwa meza ya mbao, sigiri ya makaa na kaango bapa la chuma, waliitoa chapati kwenye sikukuu wakaileta Jumanne ya kawaida. Sisi tuliikuta hapo. Uganda ilikuwa imeanzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, madarasa yakafurika, lakini chakula cha mchana kilikuwa shauri la mzazi. Mwenye sarafu alikwenda senta. Asiyekuwa nayo alikwenda na mwenye nayo. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, sikufichi.

Fundi wetu alikanda alfajiri, kabla wanafunzi hawajapita. Ngano, chumvi, sukari kidogo, mafuta, na maji ya uvuguvugu aliyoyamimina kwa awamu huku mkono mwingine ukizunguka beseni. Hakupima kwa kikombe. Alikanda mpaka unga ukaacha kushika vidole, kisha akafanya jambo linalowashinda wengi wanaoingia kazi hii: aliuacha. Unga uliotoka kukandwa hukaza. Ukiusukuma saa hiyo hujirudi, na ukiulazimisha unapata chapati nene katikati, ngumu pembeni. Ukiufunika kwa nailoni iliyopakwa mafuta na kuutazama bila kuugusa, hulegea wenyewe. Mwenye haraka huonekana amefanya kazi zaidi, lakini chapati yake humsuta.

Halafu yakaja madonge. Aliyanyofoa, akayaviringisha kiganjani, akayapanga kwenye trei, na la mwisho lilikuwa sawa na la kwanza. Aliposukuma, kila baada ya kupitisha mti wa kusukumia mara moja aliigeuza chapati kidogo, ndiyo maana duara lake halikuwa na pembe. Moto aliupima kwa unga. Alirusha chembe chache kwenye kaango. Zikiungua papo hapo, alitoa makaa mawili kwa koleo. Zikibaki nyeupe, alishika kipande cha boksi akapepea. Chapati aliilaza kavu kwanza, mpaka vilengelenge vichomoze, ndipo kijiko cha mafuta kikapita, pembeni kabla ya katikati. Mafuta yakitangulia, nje hukaangika na ndani hubaki mbichi. Kuigeuza alitumia ncha za vidole, na sisi tulisisimka kwa niaba yake.

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huenda ndiyo sababu tumekuwa wachoyo wa kuwasifu mafundi hawa. Lakini mgema hupanda mnazi peke yake na kushuka na kibuyu kilichokwisha kujaa. Fundi wa chapati hana mnazi wa kujifichia. Jiko lake halina mlango, na kila hatua inafanyika mbele ya macho ya anayelipa: yai linapasuliwa akiliona, chumvi inaanguka akiihesabu, makaa yakizidi harufu inamfikia kabla ya chakula. Mpishi wa hoteli anaweza kuunguza sahani moja akaitupa nyuma, wewe ukaletewa ya pili bila kujua. Yule wa barabarani akiunguza, senta nzima imeona. Sijui kazi nyingine ya mikono inayokaguliwa namna hiyo mara mia kwa siku.

Kilele cha ufundi wake kilikuwa rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai. Husimuliwa kwamba vijana wa Busoga ndio walioianzisha, na kwamba sifa ilienea kutoka vibanda vya Wandegeya, Kampala, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, ambako wanafunzi walitaka shibe ya haraka kwa pesa kidogo. Huko Kisoko, rolex ilitufikia bila historia hiyo. Tulichojua ni mlio wa uma ndani ya kikombe cha plastiki, mayai yakipigwa pamoja na kitunguu, kabichi iliyokatwa nyembamba na chumvi. Mlio huo ulivuka barabara. Mayai yakamwagwa kwenye kaango, yakatandazwa kwa mgongo wa kikombe, na hapo fundi alikuwa na nafasi fupi sana: chapati lazima ilazwe juu wakati uso wa mayai bado una majimaji, ili vishikane. Akichelewa, unakula vitu viwili vilivyokutana karatasini. Akiwahi, mayai yanachanika. Kisha nyanya mbichi, mkunjo mmoja wa haraka, na karatasi, mara nyingi ukurasa wa daftari la mtu aliyekwisha kufaulu au kufeli. Tulizoea kusoma maksi zake tukitafuna.

Baadaye ulimwengu uligundua chakula hiki. Kampala ilianza kukifanyia tamasha mwaka 2016, na Novemba 2021, huko Kasokoso, nje kidogo ya jiji, Raymond Kahuma na wenzake walipika rolex ya zaidi ya kilo 204, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Ilikula mayai 1,200, na ilihitaji makumi ya watu na saa nyingi. Ninawapongeza. Lakini habari hiyo ilinifanya nimheshimu zaidi yule anayepika ya mayai mawili peke yake, kwa dakika chache, huku akirudisha chenji na kumjibu mteja wa nne kwenye foleni.

Kuna siku tulifika na sarafu moja ya mia mbili, bei ya chapati moja, matumbo mawili. Rafiki yangu alisema, "Anko, tukatie katikati." Fundi alitutazama, akachukua donge moja, akaligawa, akasukuma chapati mbili ndogo. Kwake ilikuwa hasara: kusukuma mara mbili, kugeuza mara mbili, makaa yale yale yakitumika muda mrefu zaidi, kwa sarafu ile ile. Lakini hakuna aliyekula nusu. Kila mmoja wetu aliondoka na duara zima mkononi. Nimekutana na wapishi wengi wanaojua kutoa chakula kizuri kwa wingi wa vitu. Wanaojua kufanya kichache kitoshe, bila kumkumbusha mlaji kwamba ni kichache, ni wa kuhesabu.

Familia ya rafiki yangu ilihamia Busia, nami likizo nilimfuata. Pale mpakani mwa Uganda na Kenya, mji uliozaa bodaboda za baiskeli katika miaka ya 1960, ufundi ulikuwa na somo la ziada. Mteja mmoja analipa kwa shilingi za Uganda, wa pili kwa za Kenya, wa tatu anachanganya, na fundi anabadilisha kichwani kwa kiwango cha asubuhi hiyo bila kuacha kusukuma. Inayoitwa rolex upande mmoja, upande wa pili huagizwa kama chapo mayai. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, hata kifungashio kina uraia: ukiila ndani ya kavera umenunua Uganda, ukiila kwenye karatasi tupu pengine umevuka. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa rasmi Busia mwaka 2018 ili malori yapite upesi. Chapati zilikuwa zikipita upesi tangu zamani.

Wala kazi hii haikuwahi kuwa nyepesi kwa mwenyewe. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kupikia, fundi wa barabarani alikuwa na njia mbili, kupandisha bei au kupunguza donge, na njia zote mbili zilimgombanisha na mteja. Januari ya mwaka huo huo, mamlaka ya jiji la Kampala iliwaondoa wachuuzi barabarani kwa jina la usafi na mpangilio. Mji una haki ya kutaka barabara ipitike. Lakini mji huo huo unakula asubuhi kutoka kwenye sigiri za watu hao, na meza ya chapati ikivunjwa kinachopotea si mbao tu. Unapotea mkono uliojua moto.

Hivi karibuni tulikutana tena Busia, mvi zikiwa zimeanza kututembelea. Tulisimama mbele ya kijana mmoja, na rafiki yangu akaanza wimbo wake: "Za siku hizi hazina ladha ile."

Kijana hakuinua macho. "Mzee, kula kwanza," alisema.

Tulikula. Ukingo ulikuwa laini, mayai yameshikana na chapati, kitunguu bado kina ukali wake. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Iganga, alinijibu, kwa kaka mmoja aliyemfanya akate vitunguu na kuosha vikombe muda mrefu kabla ya kumruhusu kugusa unga. Na kaka huyo naye alikatishwa vitunguu na mwingine. Hakuna cheti cha kazi hii, hakuna chuo, lakini ina ukoo: mtu alimsimamia mtu, akampiga kofi la mkono alipowahi kumwaga mafuta, mpaka siku alipomwachia kaango na kwenda kuswali au kulala. Fundi wa Kisoko alikuwa tawi la mti huo, na huyu ni jingine. Sisi wawili tulikuwa tumebahatika tu kupita chini yake tukiwa na njaa.

Nilimgeukia rafiki yangu nimweleze hayo, lakini hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameshatoa noti ya pili, anamwambia kijana hii nyingine iwe ya mayai matatu, na kabichi usinibanie.