Jina kwa Kiswahili, Habari kwa Kifaransa: Sura na Lugha ya Magazeti ya Lubumbashi

1. Utangulizi

Jina la mtaa wa Hewa Bora, jijini Lubumbashi, halihitaji mkalimani. Msemaji wa Kiswahili atokaye Lamu, Unguja au Bujumbura hulielewa mara tu alisomapo. Mgeni huyo akitoka mtaani humo kwenda katikati ya jiji kutafuta gazeti, atatarajia kwamba watu wanaoita makazi yao kwa Kiswahili husoma pia habari zao kwa lugha hiyo. Atakachokikuta ni Kifaransa. Kiswahili atakisikia sokoni, kanisani, redioni na ndani ya basi. Kwenye ukurasa wa habari atakiona kwa nadra, na mara nyingi kama neno mojamoja.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki mgawanyo huo wa kazi baina ya lugha mbili. Hatutalizungumzia suala hili kama suala la fahari ya lugha, maana kwa upande huo mengi yamekwisha kusemwa. Hoja yetu ni finyu zaidi. Gazeti linalochapwa kwa Kifaransa katika jiji linaloishi kwa Kiswahili huiachia barabara kazi ya kutafsiri, na katika tafsiri hiyo isiyo na mhariri, tahadhari ya mwandishi ndiyo inayopotea kwanza. Mifano ya vichwa vya habari iliyomo humu tumeibuni wenyewe kwa ajili ya uchambuzi, isipokuwa majina ya magazeti.

2. Jina na mwili wa gazeti

Uandishi wa magazeti jijini humu ulianza kama shughuli ya walowezi. L'Essor du Congo, lililoanzishwa mwaka 1928, lilizungumza na Wazungu kuhusu mambo ya Wazungu. Mwaka 1934 lilitokea gazeti la kila wiki lililowalenga Waafrika, nalo likaitwa Ngonga, yaani kengele. Lilichanganya Kifaransa na lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, lakini halikudumu. Mwaka 1957 kampuni ya madini ya Union Minière ilianzisha jarida la wafanyakazi wake lililoitwa Mwana Shaba. Jina hilo lina mvuto, na jarida lilibaki nalo hata baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967 na kampuni ya Gécamines kushika nafasi ya ile ya zamani. Ndani ya jarida, hata hivyo, lugha iliyotawala ilikuwa Kifaransa.

Siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, iliyobadili jina la nchi kuwa Zaire mwaka 1971 na la jimbo la Katanga kuwa Shaba, iliyafikia magazeti pia. Lubumbashi ikapata Mjumbe na Taifa. Hapa ndipo ulinganisho na Nairobi unapofaa. Huko nako palikuwa na Taifa Leo, gazeti la kila siku tangu mwaka 1960. Magazeti mawili yakawa na neno lilelile kwenye paji la uso. La Nairobi lilikuwa Kiswahili toka jina hadi matangazo madogo ya ukurasa wa ndani. La Lubumbashi lilikuwa Kiswahili juu ya ukurasa, na chini ya jina hilo habari zikasomeka kwa Kifaransa. Uhalisi ulibadili kofia tu. Mwili wa gazeti ulibaki na nguo zake za zamani.

Tusiwahukumu wahariri wa wakati ule kwa urahisi. Kifaransa kilikuwa, na bado ni, lugha rasmi ya nchi. Katiba ya mwaka 2006 inakithibitisha hivyo, huku ikikitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Mwandishi alisomeshwa kwa Kifaransa, na wenye uwezo wa kununua gazeti walikuwa hasa wale waliosomeshwa hivyo hivyo. Lakini sababu zikielezeka, matokeo hayawi madogo kwa hiyo.

3. Msomaji aliyesimama

Baada ya hotuba ya Aprili 24, 1990, iliyoruhusu vyama vingi, magazeti yaliongezeka sana nchini. Bei yake, hata hivyo, haikuwa ya kila mtu. Ndipo miji mikubwa ya Kongo ikapata kundi maarufu la wale walioitwa kwa mzaha wabunge waliosimama: watu wanaokusanyika mbele ya muuza magazeti, wanasoma kurasa za kwanza bila kununua, kisha wanajadili. Msomaji huyu hana budi kuangaliwa na mhakiki yeyote wa sura ya gazeti, kwa sababu ukurasa wa kwanza umepangwa kwa ajili yake hata kama senti yake haifiki kwa mchapishaji.

Huyu aliyesimama huona vitu vitatu: jina la gazeti, picha, na vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa herufi nene. Maelezo yenyewe yamo ndani, na ndani hakufunguliwi bila malipo. Kwa hiyo kichwa cha habari hakimwiti aingie kusoma. Kwake kichwa ndicho habari nzima. Aliye mbele husoma kwa sauti. Aliye nyuma huuliza. Wa tatu hutafsiri. Habari inapofika Hewa Bora jioni imekuwa Kiswahili tayari, na hakuna awezaye kusema ni nani aliyeifanya hivyo.

Inaweza kupingwa kwamba hata Dar es Salaam magazeti husomwa kwa sauti, na vituo vya redio vimejenga mazoea ya kuyapitia asubuhi. Ni kweli. Lakini anayeyasoma hutamka maneno yaleyale yaliyochapwa. Akikosea, gazeti lipo mezani limsahihishe. Mfasiri wa barabarani hana gazeti la kumsahihisha.

4. Sarufi ya kichwa cha habari

Kichwa cha habari cha Kifaransa hupenda nomino. Tuseme nyumba zimebomolewa mtaani. Mhariri wa Kifaransa anaweza kuandika kwa utulivu kabisa Démolitions à Hewa Bora, yaani ‘Mabomoko Hewa Bora’. Hakuna aliyebomoa wala aliyebomolewa. Pana tukio tu, mithili ya mvua.

Kichwa cha Kiswahili hupenda kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili hakisimami bila kiambishi cha mtendaji au mtendewa. Mhariri atachagua mojawapo kati ya njia tatu. Anaweza kusema ‘Nyumba zabomolewa Hewa Bora’, akamficha mtendaji kwa kauli ya kutendwa. Anaweza kusema ‘Manispaa yabomoa nyumba’, akamtaja. Au atasema ‘Wakazi wa Hewa Bora wabomolewa nyumba’, na hapo watu waliopatwa na mkasa wanashika kiti cha mbele katika sentensi. Hatudai kwamba Kiswahili ni lugha ya ukweli na Kifaransa ni lugha ya kuficha. Njia ya kwanza kati ya hizo tatu inaficha vizuri tu. Tunachodai ni kwamba Kiswahili humlazimisha mhariri achague, na msomaji huuona uchaguzi wake.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye habari isiyothibitishwa. Kifaransa kina hali ya kitenzi ambayo waandishi huitumia kujikinga. Akiandika kwamba ofisa fulani aurait détourné fedha, mwandishi hajasema kwamba ofisa amezifuja. Amesema kuna wanaodai hivyo. Kinga yote imo katika silabi moja ya kitenzi kisaidizi. Mwenye Kifaransa cha darasani huisikia. Mwenye Kifaransa cha kuokoteza husikia jina la ofisa, fedha, na kitendo. Mfasiri aliyesimama atamgeukia mwenzake na kusema aliiba makuta. Dai limekuwa hukumu, na hukumu hiyo inakwenda mtaani ikiwa na heshima ya maandishi, kwa kuwa ‘gazeti ndilo lililosema’.

Kiswahili kinazo njia zake za tahadhari, nazo si fupi kiasi cha kupotea: anadaiwa, inasemekana, anatuhumiwa. Maneno haya yana uzito wa kusikika. Hata mtu asiyejua kusoma, akisomewa ‘adaiwa kufuja fedha’, ataliona pengo lililopo kati ya kudaiwa na kufuja. Mwandishi aliyejilinda kwa Kifaransa amejilinda mbele ya hakimu. Anayeandikwa hana kinga hiyo mbele ya majirani zake.

5. Neno lililovuka peke yake

Yapo maneno ya Kiswahili yanayoingia katika maandishi ya Kifaransa, na hayo nayo yana la kutufunza. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya jimbo. Siasa ya wakati ule iliwaita bilulu, yaani wadudu. Neno hili halikuhitaji gazeti ili lienee. Lilitamkwa katika lugha ya nyumbani, likaeleweka na wote, na familia nyingi zilikaa vituo vya reli zikingoja treni kwa sababu ya hali ambayo neno hilo lilisaidia kuitengeneza.

Mwandishi anayeliripoti neno kama hilo kwa Kifaransa analifunga kwa alama za mtajo, analitafsiri, na ikiwa ni mtu mwema, analilaani. Mpangilio wake ni sahihi. Lakini laana yake iko katika lugha moja na tusi liko katika nyingine. Tusi lilipigwa kwa Kiswahili, likajibiwa kwa Kifaransa. Aliyelisikia la kwanza huenda asilisikie la pili. Herufi za mlazo zinamwonyesha msomaji wa Kinshasa kwamba neno ni geni. Kwa msomaji wa Lubumbashi si geni hata kidogo, na ugeni huo wa kuchapwa unamwondolea wajibu wa kulijadili kama neno lake mwenyewe.

6. Kiswahili kipi?

Hoja inayorudiwa kila mara dhidi ya gazeti la Kiswahili Lubumbashi ni kwamba hakuna Kiswahili cha kuliandikia. Watu wa jiji hutenganisha Kiswahili bora, kile cha shule na ibada, na kile cha kila siku, kinachosema batu mahali pa watu na bintu mahali pa vitu. Cha kwanza, inasemwa, hakina joto. Cha pili hakina heshima.

Ugumu upo, na mfano mmoja utatosha. Mhariri akiazima mtindo wa Dar es Salaam na kuandika ‘Serikali yauza mgodi’, msomaji wa pwani ataelewa kwamba serikali imepokea fedha na kuuachia mgodi. Lubumbashi, kama kwingineko mashariki mwa Kongo, kuuza ni kununua. Anayetoa bidhaa na kupokea fedha huuzisha. Kichwa kilekile kitampa msomaji habari iliyo kinyume, tena katika jimbo ambalo maisha ya watu yanategemea ni nani aliyeununua mgodi na ni nani aliyeuuzisha. Anayependekeza tuagize Kiswahili cha magazeti kutoka Tanzania kama tunavyoagiza karatasi hajaufikiria mfano huu.

Lakini ugumu si kutowezekana. Kwanza, Kiswahili cha vichwa vya habari si lugha ya mama ya mtu yeyote. Hata Dar es Salaam, jirani hamwambii mwenzake ‘Basi laua kumi’. Atasema basi limeua watu. Wasomaji wa Uhuru, gazeti lililoanza mwaka 1961, na wa Mwananchi, lililoanza mwaka 2000, walijifunza sarufi hiyo kwa kusoma. Pili, redio imekwisha kulitatua tatizo kwa upande wake. Kikundi cha Mufwankolo kiliigiza kwa Kiswahili cha jiji na kupendwa na umma, na Radio Okapi imetangaza habari kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine tangu mwaka 2002.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, jiji limekwisha kuandika. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, alikamilisha historia ya jiji la Elisabethville kwa Kiswahili cha watu wake. Johannes Fabian na wenzake waliichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Ukurasa wake hauna mpangilio wa mchapaji: maneno yanaungana na kutengana bila kanuni, na vituo ni haba. Fabian ameonyesha kwamba matini hiyo huanza kueleweka inaposomwa kwa sauti. Sifa hiyo hiyo, iliyofanya wengine waione ni upungufu, ndiyo inayomfaa msomaji wetu aliyesimama. Yav aliandika kwa ajili ya sikio, na magazeti ya jiji husomwa kwa sikio.

7. Hitimisho

Hatupendekezi kwamba Kifaransa kifukuzwe magazetini. Wala hatudhani kwamba Kiswahili peke yake huleta uandishi mwema. Magazeti ya udaku ya Dar es Salaam ni ushahidi wa kutosha, na desturi ya mwandishi kulipwa na yule anayemwandika inaweza kuendelea kwa lugha yoyote. Tunapendekeza jambo dogo: safu moja ya Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza, yenye vichwa vya habari vilevile, iliyohaririwa na mtu anayejua kwamba kuuza si kuuzisha, na kwamba kudaiwa si kutenda. Idara za Kiswahili na za uandishi wa habari zina wanafunzi wanaoweza kuianza kazi hiyo kwa mazoezi ya darasani, kwa kulinganisha kichwa kilichochapwa na kile kilichofika mtaani.

Tafsiri inafanyika kila asubuhi, gazeti likitaka lisitake. Kinachokosekana ni jina la mhariri chini yake. Mkazi wa Hewa Bora anayejikuta katika habari ana haki ya kujua ni maneno gani hasa yaliyoandikwa juu yake, na kuyajua kwa lugha ambayo majirani zake watamuulizia.