Ufundi wa Kuunga Prediketi

Prediketi ni fankisheni inayopokea kitu na kujibu kweli au si kweli, basi. Katika programu ya maktaba, moja huuliza kama kitabu ni cha Kiswahili, nyingine kama kilichapishwa baada ya 1990, ya tatu kama kimeazimwa. Kila moja ni ndogo mno, na ufundi huanza zinapoungwa.

Msingi wake umeitangulia kompyuta. Mwaka 1847 Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hoja za mantiki zaweza kukokotolewa kwa aljebra. Kanuni mbili za ukanushi, zinazosema kwamba kukanusha “A na B” ni sawa na kusema “si A au si B”, na kinyume chake, zimebaki na jina la mwenzake wa zama hizo, Augustus De Morgan.

Katika uprogramu wa kifankisheni, fankisheni ni thamani kama ilivyo namba: hupokelewa na fankisheni nyingine na kurudishwa kama jibu. Hivyo “na” inaweza kuunga maswali yenyewe kabla hata kitabu kimoja hakijaulizwa. Hupokea prediketi mbili na kuzaa ya tatu, ya aina ileile. Uzuri wote uko hapo. Iliyozaliwa huungwa tena na tena, na msimbo unaochuja vitabu haujui, wala hauna haja ya kujua, kama umepewa swali moja au ishirini. Lugha ya uprogramu ya Haskell ilikuwa na desturi hii tangu miaka ya 1990. Lugha ya Java iliipokea rasmi katika toleo la 8, mwaka 2014, na hata hivyo kwa maneno mengi kuliko yanayohitajika.

Je, orodha ya prediketi ikiwa tupu? Zikiungwa kwa “na”, jibu ni kweli. Kwa “au”, si kweli. Wanaoanza hulishangaa jambo hili, lakini lina sababu: kuongeza kweli kwenye “na” hakubadilishi kitu, kama vile kujumlisha sifuri. Faida yake huonekana kazini. Msomaji asiyechagua kichujio chochote huonyeshwa vitabu vyote, na mwandishi wa programu hakulazimika kuandika hata mstari mmoja kwa ajili ya hali hiyo.

Mpangilio nao una uzito. Kwa Boole, “A na B” ni sawa na “B na A”. Kompyuta, kwa kawaida, huishia njiani: A ikiwa si kweli, B haiulizwi kabisa. Kwa hiyo swali la kama mwaka wa kuchapishwa unajulikana hutangulia lile la kama umepita 1990, na swali jepesi hutangulia lile linalolazimu kufungua hifadhidata. Anayeyapanga kinyume huandika programu iliyo sahihi kimantiki lakini inayokwama kwenye kitabu cha kwanza kisicho na mwaka.