Milango ya Mwaloni ya Devizes

Watu wengi wanaokodi boti kwenye mifereji ya Uingereza hurudi wakisifu bata, mashamba na baa za kando ya maji. Mimi nawasifu maseremala. Likizo ile yote imebebwa na kazi ya mikono yao, na pa kuionea kazi hiyo ni Caen Hill, pembezoni mwa mji wa Devizes, mahali ambapo mfereji wa Kennet na Avon unapanda kilima.

Maji hayapandi kilima, kwa hiyo kilima chenyewe kilikatwa vidato. Viko 29 katika mwendo wa kilomita zipatazo 3, na boti inayovimaliza huwa imeinuliwa mita 72. Vile 16 vya katikati vimenyooka mstari mmoja, hata ukisimama chini unaona milango juu ya milango hadi kileleni. Mhandisi wake alikuwa John Rennie, na kazi ilikamilika mwaka 1810.

Kila kidato ni chumba kirefu kilichojengwa ardhini, chenye milango mbele na nyuma. Boti inayopanda huingia, milango ya nyuma ikafungwa. Kisha mtu hupachika hendeli kwenye gia iliyo ukingoni, akazungusha, na kilango kidogo kilicho chini ya maji kikainuka. Maji zaidi ya lita 200,000 hutiririka chumbani kwa uzito wake yenyewe, na boti ya chuma yenye urefu wa mita 20 na ushei hupanda nayo taratibu, huku nahodha akiizuia isigonge kuta. Hakuna injini inayofanya kazi hiyo. Ni mteremko na mkono wa mtu, basi.

Lakini maji hayo yote yanazuiwa na nini? Na mti. Milango hiyo huenda kwa jozi, na ikifungwa haikai mstari mmoja: hukutana kwa pembe, kama viganja viwili vilivyoegemezwa kwa ncha za vidole, ncha ikielekea kwenye maji ya juu. Kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo mbao zinavyozidi kubanana. Nguvu ile ile ambayo ingeuvunja mlango ndiyo inayoufunga. Ubunifu huu huhusishwa na Leonardo da Vinci, aliyeshughulikia mifereji ya Milano, na katika miaka zaidi ya 500 umebadilika kidogo sana.

Ukitaka kuuona ufundi wenyewe, inama utazame mahali mlango unapokutana na ukuta. Nguzo ya pembeni imechongwa mviringo, nayo huzunguka ndani ya mfuo uliochongwa ukutani kwa kipimo chake. Chini inasimama juu ya pini, juu imeshikwa na mkanda wa chuma. Seremala akikosea mviringo huo, maji yatapita mchana na usiku. Akiupata, nguzo itageuka bila kukwaruza na bado itabana vizuri. Mbao ni mwaloni mbichi, kwa sababu mlango huu utaishi majini maisha yake yote. Mti mkavu ungevimba na kujikunja.

Juu ya kila mlango kuna boriti ndefu inayotokeza nchi kavu. Uzito wake huusawazisha mlango, na urefu wake humpa mtu nguvu ya kuusukuma. Unaegemeza mgongo, unakita miguu, unasubiri. Kusubiri ni lazima. Maji ya pande mbili yakitofautiana kwa sentimita 5 tu, kila mlango unabanwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Yakilingana, mlango wa tani kadhaa unamfungukia hata mtoto wa shule. Wageni wengi huhangaika kusukuma kabla ya wakati. Wazoefu hutazama maji.

Mlango mmoja hudumu miaka ipatayo 25. Vyumba vilijengwa kwa mkono na vipimo vyake hupishana, kwa hiyo kila mlango huchongwa kwa ajili ya mahali pake. Kazi hiyo hufanyika katika karakana za Bradley na Stanley Ferry, chini ya Canal & River Trust, shirika linalotunza mifereji ya Uingereza na Wales tangu mwaka 2012. Majira ya baridi, wasafiri wakiwa wamekwenda zao, chumba hukaushwa, winchi hushusha milango mipya, na mafundi husimama kwenye tope wakiipunguza na kuijaribu mpaka ikae sawa.

Mfereji huu uliwahi kufa. Reli iliuchukulia biashara, na kufikia miaka ya 1950 vidato vya Caen Hill vilikuwa vimeachwa vioze. Wapenzi wake walichanga fedha, wakajitolea kufukua na kukarabati kwa miaka mingi, hadi Malkia Elizabeth wa Pili alipoufungua tena mwaka 1990. Bila ufundi wa milango kubaki hai kwingineko, nia yao njema isingetosha.

Kuvipanda vidato vyote 29 huchukua saa 5 hadi 6. Wapo wanaoona huo ni muda uliopotea. Wewe ukifika, mwachie mwenzako usukani, ushuke na hendeli yako, na kabla ya kuvuka kwenda upande wa pili weka kiganja kwenye ile nguzo ya mviringo mlango unapogeuka. Kisha hakikisha umefunga vilango vyote, maana kuna boti nyingine inakuja nyuma yako.