Kilio na tabia ya kila mutu

Mu Lubumbashi, ku kilio watu wanaangalia machozi kwanza. Mwanamke aliyefiwa na bwana, kama halii kwa sauti, minong'ono inaanza: «Angalia ule, hana machozi, iko na kitu.» Kutoka hapo mpaka neno mulozi, njia ni fupi. Mjane anaweza kufukuzwa mu nyumba, kunyang'anywa mali na hata watoto, sababu ya macho makavu.

Mazoea haya yanadai kwamba uchungu uko na sura moja tu. Lakini watu hawana tabia moja. Mwenye roho ya wazi akifiwa, sauti inatoka mbele ya mawazo. Mpole aliyezoea kuchunga maneno ndani, uchungu unamfunga kinywa. Huyo atalia kisha juma mbili, wageni wakiwa wamekwisha kurudi kwao, siku atakapokuta viatu vya marehemu chini ya kitanda.

Wanaotetea mazoea haya wanasema: ndivyo wazee walituachia. Je, ni kweli? Tuangalie kasala ya Waluba, ambayo Clémentine Faïk-Nzuji aliiandikia kitabu mwaka 1974. Ku kilio, mwimbaji wa kasala anamwita marehemu kwa majina yake, anataja baba na mababu, anawagusa na walio hai, jina kwa jina. Kinywa chake kinatoa yale ambayo mfiwa mwenyewe hawezi kusema. Na katika makabila mengi ya kwetu, wajukuu wako na ruhusa ya kumtania marehemu hata watu wacheke. Wamama wengine wanachota maji na kupika bila neno. Kumbe wazee waligawa kazi: wa sauti, wa kicheko, wa mikono, kila mutu na nafasi yake.

Kulia pamoja kunasaidia, hilo hatukatai. Mfiwa akiachwa peke yake anaumia zaidi. Lakini kukaa naye si kumlazimisha. Na wahubiri wanaosema «Usilie, ni Mungu amependa» wanafanya kosa lile lile kwa upande mwingine: wanamnyima mwenye sauti dawa yake.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta mfiwa ananyamaza, kaa karibu naye, umushike mukono. Kisha matanga, viti vikiisha kurudishwa, rudi kumwona. Pengine ile ndiyo saa yake ya kulia.