Tinga Tinga Tales: dakika 11 zinavyoingia kwenye karatasi

Mwaka 2010 watoto waliiona katuni ya Tinga Tinga Tales kwenye televisheni, na mwaka huohuo wachapishaji Puffin wakaanza kuitoa kama vitabu vya picha. Vipindi ni 52, kila kimoja dakika 11, na uhuishaji wake ulifanyika Nairobi, studio ya Homeboyz. Kwa yeyote mwenye skripti ya televisheni anayetaka kuifanya riwaya ya picha, huu ni mfano wa kuchunguza kwa makini.

La kwanza ni kuiweka saa kando. Skripti hupimwa kwa muda, ukurasa hupimwa kwa nafasi. Chukua kipindi kimoja, hadithi ya jinsi tembo alivyopata mkonga wake. Kwenye skrini pua inavutwa na kurefuka mbele ya macho yako, kelele na muziki vikiisindikiza. Kitabuni hakuna kinachosogea, kwa hiyo mchoraji lazima achague. Akichora kila hatua, atamaliza karatasi na kuua hamu ya msomaji. Kwa maoni yangu picha mbili zinatosha: mvutano umekaza mwishoni mwa ukurasa wa kulia, kisha mkonga mzima msomaji anapofungua. Kule kufungua ndiko kunakoshika nafasi ya kile kitambo kifupi ambacho mhariri wa filamu hukiacha kabla ya kufichua jambo.

Mtindo wa michoro wa katuni hiyo, uliotokana na ule wa Tingatinga, uliwabeba waliotengeneza vitabu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, mnyama akijaza nafasi na nyuma yake rangi tupu. Picha zake zilikusudiwa kutazamwa zikiwa zimetulia. Televisheni ndiyo iliyozilazimisha kutembea.

Kilichopotea vitabuni ni kikubwa: nyimbo za mwanamuziki Eric Wainaina zilizomo kwenye katuni. Maneno ya wimbo yakichapwa bila sauti yake hubaki makavu, na hakuna rangi inayoweza kuziba pengo hilo.

Hizo ni hadithi za wanyama; za watu ni ngumu zaidi. Tuseme tamthilia inaanzia Malili, Makueni, kando ya barabara ya Mombasa. Serikali ilikwisha kununua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga jiji la teknolojia la Konza, na sasa familia jirani inabishana kama nayo iuze shamba. Kwenye skrini mama anaweza kusema sentensi sita huku kamera ikimzunguka. Kwenye fremu, kiputo cha sentensi sita kitamfunika uso. Mimi ningeigawa hivi. Fremu ya kwanza: hati ya shamba mezani, na sauti ya kijana akimwita mama kwa Kikamba, “Mwaitu, bei ni nzuri.” Ya pili: kiganja cha mama kimeilalia hati. Ya tatu: uso wake, na maneno manne tu, “Na kaburi la babako?” Ya nne: dirisha, malori yakipita, hakuna anayesema.

Hiyo ya nne ningeipa nusu ya ukurasa. Mwandishi wa skripti atalalamika kwamba mazungumzo yake mazuri yamekatwa, na ana haki ya kuumia. Lakini mtazamaji wa televisheni angepewa sekunde tatu za malori yale, kisha tukio lingine. Msomaji anaweza kukaa dirishani hapo na mama huyo kwa muda wowote anaoutaka.