Sahani ya Los Illegals

Wengine watatuuliza: gazeti la misioni linatafuta nini katika panki, muziki wa magitaa makali na wa kupaza sauti? Tunawajibu kwamba kundi tunalotaka kulitaja lilikua karibu na jengo la Kanisa, na aliyewafungulia vijana mlango alikuwa mtawa.

Ni huko East Los Angeles, nchini Marekani, wanakokaa watu wengi wa asili ya Meksiko. Sista Karen Boccalero, Mfransisko, pamoja na wachoraji kadhaa, alianzisha Self Help Graphics, mahali pa kuchapa picha na kufundisha sanaa. Mwaka 1980 ukumbi wa juu ukaanza kupigiwa muziki, ukaitwa Vex. Mmoja wa walioufungua ni Willie Herrón, mchoraji na mwimbaji wa Los Illegals. Muziki haukudumu humo: usiku mmoja wasikilizaji waliharibu kazi za sanaa, ukumbi ukafungwa. Hatuwatetei. Lakini Los Illegals waliendelea, na mwaka 1983 kampuni ya A&M ikatoa sahani yao kubwa, Internal Exile, maana yake uhamisho ndani ya nchi yako mwenyewe.

Jina la kundi lenyewe ni lugha mbili: Los ni Kihispania, Illegals ni Kiingereza, yaani watu wasio na ruhusa ya serikali. Herrón ni mzaliwa wa Los Angeles. Hakuna wa kumfukuza. Amejivika jina la jirani anayedharauliwa. Je, ana haki ya kumsemea? Jibu limo katika wimbo ulio bora kuliko yote, El Lay.

El Lay ni herufi mbili za mji, L na A, zilivyotamkwa kwa Kiingereza, zikaandikwa kama neno la Kihispania. Mtu amesimama pembeni ya njia. Mwingine anakuja, anamwuliza jina. Yeye hajui lugha ile, basi anachukuliwa. Kosa lake? Alikuwa akiosha vyombo vya wengine. Anapakiwa garini, anarudishwa kwao. Twakumbuka habari ya kitabu cha Waamuzi, kwenye vivuko vya Yordani, watu walipopimwa kwa neno moja, Shibolethi, na ulimi wa mtu ukamhukumu.

Tena wimbo huu umeimbwa kwa Kihispania. Mnunuzi ajuaye Kiingereza tu anasikia mtu akilia mbele yake, wala hafahamu neno. Amewekwa mahali pa yule aliyesimama njiani. Kama wangaliimba kwa Kiingereza, angalimhurumia kidogo, kisha akageuza sahani.

Si yote yaliyo mazuri hivyo. Studio imesafisha mno. Vinanda vya umeme vinang'aa, ukali umepungua, na nyimbo za Kiingereza, masikioni mwetu, zinafanana na za makundi mengine ya miaka ile. We Don't Need a Tan unatuchekesha kwa jina lake tu: sisi hatuna haja ya kulala juani ili tupate rangi! Kicheko hupita.

Wazazi watalalamika juu ya kelele. Haya, wapunguze sauti. Mwenye kuipata sahani hii aanze na El Lay, na kama Kihispania hakijui, mara ya kwanza asimwite mtu wa kumfasiria.