Sauti na Kura

Msomaji, bila shaka umepata kukaa mbele ya televisheni jioni ya mwisho wa juma ukitazama vijana wakishindana kuimba. Mmoja huimba, ukumbi hupiga makofi, waamuzi watatu au wanne hutoa maoni yao, na chini ya kioo hutokea namba ya kupelekea kura. Siku ya masomo ifikapo, mabishano darasani huwa makali: nani kaonewa, nani kapendelewa. Katika mabishano hayo nimesikia mara nyingi neno moja likitolewa kana kwamba ndiyo hoja ya mwisho: "Ameshinda, basi ndiye aimbaye vizuri kuliko wote." Neno hilo ndilo nitakalo tulipime hapa.

Kushindana kwa nyimbo si jambo geni kwetu. Vikundi vya beni vya Mombasa na Lamu vilikuwa vikishindana kwa ngoma na mavazi zaidi ya miaka mia iliyopita. Lakini mtindo wa kumpa mtazamaji kura kwa simu ulipata nguvu Uingereza mwaka wa 2001, yalipoanza mashindano ya Pop Idol. Usiku wa mwisho, Februari 2002, kura zaidi ya milioni nane zilipigwa, na Will Young akashinda. Mwaka huo huo Marekani ikaanzisha American Idol, na mshindi wake wa kwanza akawa Kelly Clarkson. Kwetu Afrika Mashariki, Tusker Project Fame ilianza Nairobi mwaka wa 2006, Valerie Kimani wa Kenya akatwaa ushindi. Awamu ya sita ilifanywa mwaka wa 2013.

Na tutazame kwanza mlangoni. Siku ya majaribio vijana hupanga foleni tangu alfajiri, nawe huona baadhi yao wakiingia mbele ya waamuzi mashuhuri. Wadhani kila aliyepanga foleni hufika pale. Katika mashindano makubwa haiwi hivyo. Wako watumishi wa kipindi wasioonekana, ambao huwasikiliza vijana kwanza, kila mmoja kwa muda mfupi, wakachagua wa kupita. Hao hawatafuti sauti njema peke yake. Hutafuta kipindi chema. Kwa hiyo hupita aimbaye vizuri sana, na hupita pia aimbaye vibaya sana, ili watazamaji wapate kucheka. Yule wa katikati, ambaye mafunzo ya mwaka mmoja yangalimfaa, hurudi kwao asionekane na mtu. Ungo wa jikoni hubakiza mchele na kutenga chuya. Ungo huu hubakiza mchele pamoja na chuya, na hutupa chenga, ingawa chenga nazo ni chakula.

Baada ya mlango huja hadithi. Kamera humfuata mshindani hadi nyumbani kwao. Twamwona mama yake, twaelezwa shida alizopitia. Sisemi kuwa hadithi hizo ni za uongo. Nasema kwamba mazungumzo ya saa nzima hukatwa yakabaki dakika moja, na mwenye kukata ndiye achaguaye tumwone kijana yule kuwa mnyenyekevu au mwenye kiburi. Tangu hapo hatusikii sauti tupu. Twasikia sauti pamoja na yale tuliyokwisha kuambiwa.

Kisha huja kura. Katika uchaguzi wa nchi kila mtu ana kura moja. Katika mengi ya mashindano haya mtu mmoja huruhusiwa kupiga kura nyingi, na mara nyingi ujumbe wa kura hutozwa zaidi ya ujumbe wa kawaida. Basi kura hiyo hupima mapenzi, ujirani, wingi wa jamaa na salio la simu. Sauti ni jambo moja tu miongoni mwa hayo. Tena aghalabu hatupigi kura ya kumwondoa mtu, bali ya kumwokoa. Mwimbaji ambaye kila mtu humsifu, na kila mtu hudhani yu salama, aweza kuanguka kwa kukosa wa kumpigia.

Mfano mashuhuri ni Jennifer Hudson. Mwaka wa 2004 aliondolewa katika American Idol akiwa wa saba. Februari 2007 alipewa tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya Dreamgirls, ambamo pia aliimba. Sauti iliyokosa kura ilikuwa ile ile iliyosifiwa baadaye.

Haifai mhakiki kutaja dosari peke yake. Tusker Project Fame iliwaweka washindani katika nyumba moja pamoja na walimu wa muziki, wakafundishwa kweli. Tena mwaka wa 2009 mshindi alikuwa Alpha Rwirangira wa Rwanda, na mwaka wa 2013 Hope Irakoze wa Burundi, nchi zenye watu wachache kuliko Kenya, Uganda na Tanzania. Yamkini wako watu waliosikia uzuri, wakavuka mipaka kwa kura zao. Hata hivyo, mashindano yale yalibeba jina la bia, na jina hilo lilitukumbusha gharama zilitoka wapi. Kipindi cha namna hii huandaliwa ili watu wengi wangoje mbele ya televisheni wakati wa matangazo ya biashara. Ndiyo sababu jina la anayetoka hucheleweshwa mpaka moyo uume.

Sasa linganisha na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927. Pale mwamuzi hutoa alama na kueleza sababu: pumzi, matamshi, upatano wa sauti. Yeye naye aweza kukosea, lakini kosa lake laweza kujadiliwa, na aliyeshindwa ajua la kurekebisha mwakani. Kura ya simu haina maelezo.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeongoza kwaya ya shule. Wakati wa likizo alikwenda mjini kwenye majaribio ya namna hii. Alipanga foleni tangu alfajiri hata alasiri, akaimba mistari miwili, akaambiwa, "Asante. Mwingine." Shule ilipofunguliwa hakurudi katika kwaya. Nilipomwuliza, alijibu, "Mwalimu, wamesema siwezi." Nikamwuliza, "Walisema nini hasa?" Akafikiri kidogo. "Walisema asante." Muhula ule kwaya iliimba bila yeye.

Kwa ajili yake, na kwa ajili yako, nakuomba ufanye jaribio dogo. Utazamapo tena mashindano haya, fumba macho mshindani aimbapo. Sikiliza kama pumzi yamtosha hadi mwisho wa mstari, kama maneno yasikika, kama sauti haiuachi wimbo. Andika hukumu yako kabla waamuzi hawajasema neno. Matokeo yakitofautiana nayo, usiharakishe kudhani kuwa umekosea. Kura itakuambia nani alipendwa usiku ule. Nani aimba vizuri ni kazi ya masikio, na hayo unayo.